Birika la Bi Gittel

Mimi Berel, bawabu wa chuo hiki cha Torati, nina miaka themanini na moja. Nimewazika wakuu wa chuo watatu, majiko manne yamekuja na kwenda, na meno yangu yote yameshaniaga. Nani mwingine basi wa kumwandikia Bi Gittel Perlov, mpishi wetu, anayestaafu Jumapili ijayo baada ya miaka thelathini na minane? Walitaka aandike kijana msomi. Nikasema sifungui lango mpaka nipewe kalamu.

Alifika hapa Yerusalemu na masufuria yake mwenyewe. Akayatazama ya kwetu, akasema, "Haya yanafaa kupandia maua." Tangu hapo wanafunzi wamenenepa. Karoti zake za asali zimewafanya wengine wachelewe kuoa.

Lakini habari yenyewe ni ya ile sikukuu ya Mwaka Mpya, siku mbili mfululizo. Mnajua sheria: sikukuu tunawasha moto kutoka kwa moto uliopo, ila kuuzima ni mwiko. Mwaka ule tulibaki na mtungi mmoja wa gesi, na muuza gesi naye alikuwa sinagogini kama sisi. Siku ya kwanza chakula kikaiva, masufuria yakaepuliwa, jiko kubwa likabaki linawaka bure. Gesi ikiisha, kesho chuo kizima kinakula supu baridi. Na msimamizi wa chuo alishamwonya Bi Gittel: mlo mmoja ukiharibika, jiko nampa shemeji yangu.

Wakaingia marabi wawili. Rabi Dorfman akasema, "Teleka birika lililojaa. Likifurika, moto utazimika wenyewe."

Rabi Lifshitz akaruka. "Wenyewe? Na aliyeteleka ni nani, malaika?"

"Basi apunguze tu."

"Kupunguza ni kuzima kwa woga!"

"Ndiyo maana kwenu mnakula baridi!"

"Kwetu tunamcha Mungu!"

Mimi nilikuwa upande wa birika tangu mwanzo, na nilisema hivyo kwa sauti. Hawakunisikia, walikuwa wanapigiana meza mpaka koo zikawakauka. Bi Gittel akajaza birika pomoni, akaliweka motoni. Likachemka, likafurika, tsss, moto ukafa. Nikaruka nikafunga gesi, maana moto ukishakufa, kufunga gesi si kuzima. Nilifunga kwa ustadi mkubwa.

"Gittel!" Rabi Lifshitz akafoka. "Umekusudia kuzima!"

"Rabi wangu, nimekusudia chai. Mmepiga kelele saa nzima, kiu imewashika. Kwako nitie limau?"

Rabi Lifshitz akavuta kiti, akasema, "Tia."

Kesho yake jiko likawashwa kwa mshumaa wa sikukuu uliokuwa ukiwaka tayari, supu ikaja inatoa mvuke. Msimamizi akaomba sahani ya pili. Shemeji yake anauza soksi mpaka leo.

Rabi Lifshitz hajalihalalisha jambo lile hata siku moja. Lakini kila sikukuu, mapishi yakiisha, hutuma mtu jikoni: "Mwambieni Bi Gittel nina kiu. Na birika lijae."

Bi Gittel, asante kwa kila sahani. Nenda Tiberia kwa binti yako nawe ukapikiwe, na afya yako ifurike kama lile birika.

Asiyeniamini amuulize Rabi Dorfman. Amuulize na Rabi Lifshitz, ingawa atasema hakunywa. Alikunywa vikombe viwili. Mimi ndiye niliyeviosha.