Mama Yustina Castory: Pumzi Iliyofika Mpakani

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni Yustina Castory Mloka, aliyezaliwa Nyandira, Mgeta, tarehe 14 Mei 1953, mtoto wa kwanza wa Mzee Castory na Mama Maria. Ardhi yetu hufuata ukoo wa mama, hivyo bibi yake mzaa mama alimzungusha shamba zima kwa miguu angali mdogo. Utaratibu wa ukoo ulikuwa mmoja: mpaka huonyeshwa na aliyesimama juu yake. Maelezo ya mtu aliyekaa nyumbani hayakuhesabiwa.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1965. Alipenda hesabu, lakini wadogo zake walihitaji kulelewa, akaacha. Jambo hilo lilimuuma, na hakulificha.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa mpishi katika shule moja ya bweni mjini Morogoro, akapika kwa miaka thelathini na minne. Jiko lilikuwa la kuni, lenye dirisha moja dogo. Wanafunzi waliochelewa aliwawekea ukoko wa wali, ila hawakuupata bure. “Kengele husikii, harufu ya chakula unaisikia!” aliwaambia huku akiwapakulia.

Tarehe 20 Septemba 1975 alifunga ndoa na Anselmi Kobelo, fundi magari, wakaishi Mwembesongo. Mungu aliwajalia Lucy na Rogers. Mzee Anselmi alitangulia mwaka 2009.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2013. Tulidhani ni pumu. Akapimwa kifua kikuu, hakuwa nacho. Mwaka 2019 ndipo daktari alipotuonyesha picha: moshi ulikuwa umeyala mapafu. Sehemu ya juu ya pafu la kushoto ilivimba kwa hewa isiyotoka, ikaibana ile iliyobaki nzima. Mama aliyeinua masufuria ya watoto mia tatu akawa anapumzika mara mbili kati ya kitanda na choo.

Lakini alikuwa na jambo jingine lililomnyima raha. Mwaka 1998 mdogo wake Gervas, msimamizi wa shamba la ukoo, alivusha kabichi zake ng'ambo ya kijito cha mpakani, kwenye ardhi ya jirani na shemeji yetu Mzee Kasiani. Yustina aliona, akanyamaza kumfichia aibu mdogo wake. Tangu hapo nyumba hizo mbili hazikusalimiana, hata kanisani. Wengine wote waliojua mpaka walishafariki. Alipoamua kwenda kuuonyesha, Lucy alitaka abebwe kwa machela hadi shambani, naye akakataa katakata.

“Nikibebwa watasema mgonjwa kaweweseka,” alisema. “Nitafika kwa miguu yangu.”

Machi 2022 Lucy alimpeleka India. Huko madaktari walipitisha mpira mwembamba mdomoni, bila kumpasua, wakaweka vali nne ndogo katika njia za hewa za ile sehemu iliyovimba. Vali ziliruhusu hewa kutoka na kuizuia kurudi, sehemu mbovu ikanywea na kuipisha iliyo nzima. Daktari hakumdanganya. “Mapafu yaliyokufa hayafufuki, mama,” alisema, Lucy akitafsiri. “Miaka siwezi kukuahidi. Hatua, labda.”

Siku ya pili hewa ilivuja kifuani, akakaa na mpira ubavuni siku kumi na moja. Tulijuta kumpeleka. Yeye hakujuta. Kabla ya vali alitembea mita mia moja na arobaini kwa dakika sita. Mwezi Juni alifika mia mbili na kumi na tano. Ndugu wengine walishangilia kwamba amepona, wakaanza kumwalika kusimamia majiko ya harusi. Lucy aliwatimua bila kuwaomba radhi.

Jumamosi ya tarehe 6 Agosti 2022 Mama Yustina alipanda mlima wa Nyandira kwa miguu, kwenda shambani. Njia ya dakika arobaini ilimchukua tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, akitoa pumzi polepole kama alivyofundishwa. Alisimama kijitoni, mbele ya Gervas na Mzee Kasiani.

“Gervas mdogo wangu, kabichi zako zimevuka,” alisema. “Niliona, nikanyamaza. Kosa ni letu wawili. Shemeji Kasiani, tusamehe.”

Kasiani aliitikia kwa kichwa, akaondoka. Gervas aliirudisha ardhi, lakini kwa dada yake hakukanyaga tena. Gervas mwenyewe ameomba tulisome hili.

Miaka miwili Mama Yustina aliishi vizuri, akaenda kanisani bila kushikwa mkono. Mwaka 2025 pumzi ilipungua tena. Alipata nimonia, akafariki hospitalini Morogoro tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na mdogo wake Gervas. Jana Gervas alipofika hapa na jembe, alikuta kaburi limeshafika kiunoni. Aliyekuwa ndani akichimba ni Mzee Kasiani. Kasiani alimwona, akasogea.

“Shuka, shemeji,” alimwambia. “Upande huu nimekuachia.”

Mungu ampokee Mama Yustina, ampumzishe pasipo na kuhema.