Mama Ratiba Amalize Kipindi Chake Kwanza

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, mwalimu wetu wa jiografia anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha, yote katika shule hii hii. Wanafunzi humwita Mama Ratiba, nasi walimu tumelidandia jina hilo, maana kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyepanga nani afundishe darasa gani na saa ngapi.

Darasani hana mchezo. Siku moja ramani ya dunia ilimwangukia mkaguzi kichwani, naye akaendelea na somo la mito huku mgeni wetu akihangaika kujitoa baharini.

Lakini kazi ninayojivunia zaidi kwa niaba yake aliifanya kwa penseli mbili za rangi. Katika mwaka wake wa ishirini hapa, mwalimu mpya wa fizikia, mweusi kama yeye, alimuuliza kwa upole mbona hapati kipindi hata kimoja cha asubuhi. Mama Ratiba alikwenda na ratiba nyumbani. Vipindi vya walimu weupe akavipaka njano, vya weusi akavipaka bluu. Asubuhi yote ikatoka njano. Mchana, saa ambazo watoto husinzia, ukawa bluu mtupu. Ratiba aliirithi hivyo kwa aliyemtangulia, akawa anainakili mwaka baada ya mwaka.

Kesho yake aliibandika kwenye ubao wa matangazo katika chumba cha walimu, akasimama mbele yetu na kuanza na kosa lake mwenyewe. "Penseli nilishika mimi," alisema, "na hata mimi nilijiweka mchana." Chai ikapoa vikombeni. Mkuu wa shule wa wakati ule akamwambia aibandue karatasi ile au asahau cheo cha makamu. Aliibandua, asubuhi iliyofuata akairudisha. Umakamu ukampita mara mbili.

Mimi ninayeandika haya ni mwalimu wa hisabati, mweupe, na asubuhi nyingi kati ya zile zilikuwa zangu. Nilidhani nilipewa kwa sababu nafundisha vizuri. Nilinuna muhula mzima, hata kikombe changu nikakihamishia maktaba. Yeye alinisalimia kila siku kama kawaida, jambo lililoniudhi zaidi.

Kisha akaanzisha kikao cha Jumatano baada ya chai, chenye sharti moja: kila mtu ataje kwanza alichopewa, ndipo aseme alichonyimwa. Wiki tano tulizungumzia mvua. Wiki ya sita nilisema nimepewa asubuhi kwa miaka kumi na mmoja na sikuwahi kuuliza kwa nini. Mwalimu wa fizikia akasema, "Basi kaka, jaribu Kidato cha Pili C baada ya chakula cha mchana, halafu uje tuongee." Tulicheka hadi machozi. Nilijaribu, na kijasho chembamba kilinitoka.

Tangu hapo tunapokezana asubuhi na mchana, na kikao cha Jumatano hakijafa, ingawa kuna siku tunatoka tumekunja nyuso. Mwalimu wa fizikia ndiye mkuu wetu wa shule leo. Mwalimu wa biolojia aliyeajiriwa mwaka huu alisoma Kidato cha Pili C.

Siku hizi ratiba naipanga mimi. Kwa siku ya mwisho nilimwekea Mama Ratiba vipindi vya asubuhi tu, ili mchana akae na mumewe, wanawe na wajukuu. Aliniomba kifutio, akajirudishia kipindi cha mwisho cha Kidato cha Pili C. Wageni wetu, tuwieni radhi: sherehe itaanza kengele ikilia, si kabla.

Asante, Mama Ratiba, kwa karatasi ile, na kwa salamu ambazo sikuzijibu. Ninazijibu leo, mbele ya watu wote. Kuanzia Jumatatu hupangiwi saa na mtu. Tunakutakia asubuhi nyingi njema, zote za kwako.