Mtutu kwa Casimir, Komeo kwa Marceline

Zima redio hiyo, Casimir. Mtu hawezi kukata roho huku anapigiwa makofi ya chama. Nyimbo hizo nimezisikia miaka yote, na kesho zitaendelea nikiwa sipo, lakini saa hii nyumba hii ya mtaa wa Kikula bado ni yangu, na anayesema ndani yake ni mimi. Sogeeni, wanangu. Marceline, binti yangu, keti hapa karibu na kichwa, maana sauti yangu haifiki mbali tena. Mama Philomène, mjane wa rafiki yangu Urbain, usikae mkekani. Chukua kiti changu, leo nina neno lako pia. Nawe adjudant Séraphin wa kambi ya jeshi, kaka yake mke wa Casimir, usisimame mlangoni na sare yako kana kwamba unalinda gereza. Ingia, ukae, usikie, kwa sababu mengi nitakayosema yanakuhusu, na sipendi kumsema mtu akiwa nje.

Mnanisikia ninawaita kwa majina ya ubatizo. Najua chama kimeyakataza. Kwenye kadi yangu wameandika Citoyen Mukalayi, raia Mukalayi, miaka minne sasa, lakini padre aliponimwagia maji aliniita Constantin, na Constantin ndiye anayekufa. Anayetaka kuniripoti afanye haraka, ofisi zinafunga saa tisa. Wala msinishangae kwamba nasema Kiswahili cha mapadre. Kile cha karakana nimekitumia miaka thelathini na moja kuombea mafuta ya mashine na kutukania wavivu. Wosia unataka neno lililonyooka.

Mali yangu ni fupi. Nyumba mkae, msiuze, na mkigombana gombaneni humuhumu ndani. Baiskeli mpeni Barnabé, fundi wa karakana ya shule ya mapadre, ambaye miguu yake imezeeka kumpita mwenyewe. Cherehani tangu zamani ni ya Marceline, ijapokuwa Casimir hujifanya hajui. Kipimo changu cha chuma, kile kinachopima hadi unene wa unywele, Casimir, ni chako, ukikumbuke kila unapotaka kukadiria jambo kwa macho. Hayo yameisha. Sasa niseme la bunduki, maana hilo ndilo linalowafanya mnong'one jikoni mkidhani nimekwisha kuwa kiziwi.

Mnaijua. Miaka sita nimeijenga. Komeo, kile chuma kinachoifungia risasi ndani ya mtutu, pamoja na mwili wake nilipewa na injinia mmoja Mbelgiji siku aliyofunga masanduku yake kwenda kwao. Mtutu uliletwa kutoka Liège umefungwa karatasi ya nta, tundu lake jembamba. Kitako nimekichonga mwenyewe kwa mti wa mulombwa, nikakipaka mafuta hadi kikawa chekundu kama chai ya rangi. Ilibaki kazi moja tu, nayo ndiyo roho ya kazi zote: kukata chumba cha risasi. Wanangu, bunduki ya namna hii huzaliwa haina mdomo. Fundi ndiye anayeikatia mdomo, na akishaukata kwa risasi fulani, itakula risasi hiyo hadi mwisho wa maisha yake. Chuma kilichopanuliwa hakirudi kuwa chembamba. Kwa hiyo anayechagua risasi anachagua pia nani atailisha bunduki, na anayelisha ndiye anayetuma.

Casimir alitaka tukate chumba cha risasi ya jeshi. Sikumkasirikia, kwa sababu alisema kama baba wa watoto watano ambao unga wa Kampuni ya migodi hauwafikishi tena mwisho wa mwezi. Aliniambia: "Papa, risasi ya basoda iko fasi yote. Ile ya neuf-trois tutaitosha wapi? Mugriki alienda, magazini yake balipatia muntu mwenye hajue hata kuuzisha misumari." Ni kweli tupu. Ile neuf-trois, risasi ya wawindaji yenye upana wa milimita tisa na nukta tatu, ilikuwa ikipatikana kwa Mgriki peke yake, na duka la Mgriki, tangu serikali imnyang'anye, leo lina rafu tupu na picha moja ya rais ukutani.

Wala siisingizii risasi ya jeshi. Ni nzuri: ina mbio, inakwenda moja kwa moja, na kwenye mbuga za Lufira, ambako kuro hukuona kabla hujamwona, itamwangusha mlio haujamfikia. Neuf-trois ni nzito, inasukuma bega, na ikienda mbali huanza kuinama kama mimi. Lakini mbogo hakungoji mahali peupe. Anakungoja kwenye matete, hatua kumi na tano, upepo ukiwa wake, na hapo mbio hazikusaidii, unataka uzito. Haya ni maneno ya wawindaji, mngeweza kubishana nayo mwaka mzima na kila mtu akawa na haki yake. Mimi sikuwaza mbogo. Niliwaza Urbain.

Mama Philomène, nipe mkono. Bunduki ya mumeo nilimtengenezea mimi, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba Urbain alitaka neuf-trois. Alikuja karakana mwaka wa sitini na nane, ana vumbi la Kambove hadi kwenye nyusi, akaniambia: "Constantin, weye iko na mashini, minye iko na pori. Unikatie ile ya bawindaji. Ile ya basoda minaogopa." Nikamcheka. Nikamwambia usiwe mjinga, risasi za jeshi zinatoka kambini kama kumbikumbi baada ya mvua, sajini atakupa kwa paja la nyama, za nini kuhangaika na maduka? Nilisema hivyo kwa sababu kisu cha kukatia chumba cha jeshi nilikuwa nacho tayari, na cha neuf-trois ningehitaji kukitengeneza kwa majuma kadhaa. Uvivu wangu niliuvika nguo ya hekima. Naye akaniamini, kwa kuwa mimi nilikuwa mtu wa mashine.

Yaliyofuata mnayajua. Kambini hesabu ya risasi ilipungua, sajini akatafuta wa kumtwika, na nyumbani kwa Urbain wakakuta maganda kumi na moja ambayo watoto walikuwa wakiyapuliza kama filimbi. Kila ganda la jeshi lina alama ya jeshi matakoni. Wakamsogezea moja machoni, wakamwambia: "Soma matako yake! Hii ni ya mama yako?" Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na risasi ya kuazima ndiyo kabisa. Mama Philomène, ulipeleka chakula kwenye geti la kambi miezi mitatu, hadi askari mmoja mwenye huruma alipokuambia, "Mama, usipike tena." Mtaa ukasema Urbain aliponzwa na tamaa, na mimi miaka saba nimeuacha mtaa useme, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuwa na tamaa. Aliogopa, na aliyemcheka ni mimi. Sikuombi useme umenisamehe mbele ya watu. Nimetaka tu wanangu walisikie jambo hili kinywani mwangu, wasije wakalisikia kwa jirani.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi, inatosha.

Sasa wewe, Casimir, mwanangu. Kitanda hiki nilikitengeneza kwa mikono yangu, ninaijua kila sauti yake. Jumanne, ulipodhani nimesinzia, kilitoa sauti isiyo yake. Uliingiza kasha chini yangu. Ulifikiri hakuna atakayepekua kitanda cha mtu anayekufa, na ni akili hiyo, sikatai, ila ni akili ya kumfanya baba yako mfuniko wa risasi za jeshi. Siku nne nimelala juu yake. Nimepeleka mkono chini, nimechomoa moja, nimepapasa matako yake kwa kidole gumba, nikakuta alama ileile. Nililia, ndiyo, Marceline, ulipodhani ni maumivu ya kifua.

Adjudant, kasha limetoka kwako, ila sisemi kwamba wewe ndiwe sajini yule. Umekula bukari, ugali wetu, mezani kwangu, na huenda moyo wako ni mwema kuliko mioyo mingi humu Likasi. Lakini siku hesabu itakapopungua, moyo mwema una cheo gani kambini? Leo unataka paja la nyama. Kesho mkubwa wako atakutuma utake mnyama mzima. Keshokutwa Casimir ataambiwa ni mnyama gani, na mnyama huyo huenda akawa na miguu miwili, na mwanangu hataweza kukataa, kwa sababu bunduki yake itakuwa inakula kwenu. Watu husema mkono usioweza kuukata, uubusu. Mimi sikuubusu nilipokuwa na nguvu, siwezi kuanza leo.

Tena mnabishana bure. Hamkunisikia? Nilisema ilibaki kazi moja, sikusema imebaki. Mnakumbuka Juma Kuu nilipowaaga naenda mafungo kwa mapadre, nikarudi natembea kwa kushika kuta, na Marceline akanung'unika kwamba wamenifungisha kupita kiasi? Tulichofunga na Barnabé ni mlango wa karakana. Kisu nilikuwa nimekichonga Kwaresima nzima, kile nilichomnyima Urbain, na siku tano zile tukapanua tundu la mtutu, tukachonga upya mifuo ya ndani inayoizungusha risasi, tukakata chumba. Neuf-trois! Jumamosi Kuu niliungama pia, msidhani niliwadanganya kwa yote. Iko nyuma ya kabati, imekamilika, na hakuna mkubwa wa chama wala wa jeshi awezaye kuamuru chuma kiwe chembamba tena. Na msithubutu kuitia risasi za kasha hili: kichwa cha risasi kitacheza mle kama karanga ndani ya bomba, na ganda litawapasukia usoni.

Unauliza mtazitoa wapi. Mgriki, kabla hajakabidhi funguo za duka, alinipa zote zilizobaki, sabini na mbili, karatasi zake zina mhuri, na zimo kwenye bati la biskuti chini ya mahindi ya mbegu. Ni chache. Ndiyo, ni chache, na ndivyo nilivyotaka! Mwenye risasi sabini na mbili hawindi kwa ajili ya meza ya kanali. Anapiga moja watoto wanapokuwa na njaa, anapiga akiwa karibu, na hakosi. Zikiisha, zitafuteni kwa njia iliyonyooka. Zisipopatikana, itundikeni ukutani ikae na njaa. Bunduki kukaa na njaa si aibu.

Mtutu na kitako ni vyako, Casimir, wewe ndiwe mwenye jicho na bega. Komeo ni la Marceline. Lipo hapa chini ya mto, mwanangu, lichukue, lina mafuta, usichafue gauni. Nasikia mnaguna. Guneni! Bunduki isiyo na komeo ni bomba la maji tu, na komeo peke yake ni kitasa kisicho na mlango. Atakayetaka kuwinda atamwendea mwenzake, amwambie anakwenda wapi na nyama ni ya nani, na jibu likinuka kambi, Marceline, fumba mkono wako, hata akulilie. Paja la kwanza la kila mnyama ni la Mama Philomène, na mlipeleke wenyewe, msitume mtu.

Kiswahili cha mapadre kinaniponyoka sasa. Haidhuru. Casimir, inama. Vuta ile kasha. Hapana, adjudant, weye ukae. Mwenye aliitia ndiye ataitosha. Vuta... Iko nzito, ee? Minye niliibeba na mugongo siku ine. Mupatie mwenyewe. Mukono kwa mukono, Mama Philomène aone na macho yake. Vile. Vizuri, mutoto wangu. Usilie. Weye si mubaya, ni njaa.

Mukuje, niweke mukono. Huyu ni Casimir... na huyu Marceline, minajua nywele yake. Mungu abachunge. Nyumba isikose moto. Njaa ikikuja, ibakute pamoja, kwa meza moja. Vyenye nilikosea kwa Urbain visifuate batoto yenu. Viishe na minye, hapa, kwa hii kitanda.

Minachoka.

Séraphin... ungali hapo? Utaenda na kasha yako, pole pole, barabara ya nyuma. Bakikuuliza kule kambi nani alikatala, usiseme batoto yangu. Useme muzee. Minye batanifunga wapi tena? Useme Constantin. Ile jina ya ubatizo... Constantin. Baandike vile vile.