Msiiondoe Meza ya Kampire

Sogeeni, wanangu, msisimame mlangoni kama wageni. Dastan, niinue mgongo, uuweke huo mto vizuri. Nawe Ainembabazi, funga dirisha la upande wa barabara, malori yananimezea sauti na sauti yenyewe imebaki kidogo. Mzee Fidele wa kanisa amekuja na karatasi yake, naye ni shahidi. Aandike nitakayosema kama nilivyoyasema, asinipambie.

Kibanja hiki alichoniachia baba yenu, chenye migomba, kahawa na makaburi, ni chako, Dastan, pamoja na nyumba hii na kazi ya kuyapalilia makaburi yale. Shamba la maharage la Bweranyange ni la Ainembabazi, na mtu asije akamwambia kwamba mwanamke harithi, maana lile nimelilima kwa mikono hii. Hayo mlikuwa mkiyajua. Msilolijua ni kile kipande cha barabarani, ambacho nimesikia, Dastan, umekwisha kumwonyesha mtu wa kituo cha mafuta. Sikulaumu. Wewe ndiye uliyenipeleka hospitali mara nne, na una watoto wa kusomesha. Lakini kipande kile nakitoa kwa Kampire, mwenye mgahawa ulio pale, kiwe chake na cha wanawe. Tulieni. Nisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mninunie.

Ninyi mnamjua Kampire wa leo. Hamkumjua yule msichana wa Kirundi aliyepalilia kahawa yetu misimu mitatu, wakati ninyi mko shule za bweni. Nilikuwa nikipika ndizi na maharage, watu wa nyumba tukala ndani kwa sahani, yeye nikamwekea chake kwenye jani la mgomba, nje, nyuma ya jiko. Siku moja mvua ikanyesha. Nilimwona akila huku ameinama juu ya lile jani, mgongo wake ndio paa, ili maji yasiingie kwenye chakula; nikamwona vizuri kabisa, nikageuza uso. Dhambi ninazo nyingi, wanangu, ila nikifumba macho naiona hiyo.

Kisha akaenda zake. Wachina walipokuja kutengeneza barabara akaajiriwa kuosha vyombo kambini kwao, akatazama, akajifunza, na mpishi wao alipougua akashika yeye sufuria. Baadaye akawapikia masista wa Kitaliano huko Bukoba. Aliporudi, mvi zimeanza, akaomba nimkodishe kile kibanda cha barabarani. Nilicheka. Nikamwambia, "Kampire, hapa Nyaishozi nani atakula tambi?" Akajibu, "Mwenye njaa, mama." Nikampa, kwa kuwa kibanda kilikuwa kinaoza bure.

Ndipo baba yenu akafariki. Matanga yakaisha, mkarudi makwenu, kama ilivyo haki. Mimi nilikuwa nimewapikia watu miaka arobaini na sita, na kujipikia mwenyewe sikujua. Nilikula ndizi iliyopoa, tena nimesimama. Nilikonda mpaka gauni la kanisani likawa linaning'inia, na kwenye simu niliwaambia nimekula vizuri.

Alhamisi moja, siku ya gulio, mvua ilinikamata pale barabarani, nikajibanza barazani kwa Kampire. Akatoka akifuta mikono, akapiga goti. "Shikamoo, mama. Ingia ukae." Nikasema hapa hapa panatosha. Akasema, "Kwangu hakuna anayekula nje." Hakuinua sauti wala hakutabasamu, nami nilijua anasema nini. Nikaingia, nikakaa kwenye meza iliyofunikwa kitambaa safi, nikingoja matusi ambayo nilistahili.

Akaleta bakuli. Ile supu, wanangu, nitaieleza vipi kwa pumzi hizi? Unga wa ngano aliukanda mbele yangu, akauvuta kwa mikono miwili, akaukunja, akauvuta tena, hata ukawa nyuzi nyuzi bila kukatika. Akazitumbukiza kwenye mchuzi wa mifupa ya ng'ombe uliochemka tangu alfajiri, na tangawizi, na vitunguu vya majani. Nikala. Joto likashuka mpaka mahali ambapo palikuwa baridi tangu siku ya mazishi. Kisha akainama akaniuliza, "Chumvi imekolea, mama?" Swali hilo nimewauliza watu maisha yangu yote, mimi sikuwahi kuulizwa. Nikalia, nikasingizia pilipili.

Tangu hapo kila Alhamisi nilikuwa kwake. Watu wakasema mjane wa mzee wa kanisa anakula hotelini kama dereva wa lori, nawe Ainembabazi ulinipigia simu kunionya. Kinywa ni jumba la maneno. Niliwaacha waseme, nikaendelea kula. Nikala makaroni ya wale masista, yaliyookwa kwa maziwa mpaka juu yakawa kahawia. Nikala chapati zake zinazochambuka zenyewe, na kile kisamvu cha mawese cha kwao Burundi, ambacho akikipika huimba. Siku moja alipita Mchina mmoja, mtu wa makamo, akanywa supu bakuli mbili, halafu akatoa simu akaongea muda mrefu na machozi yanamtoka. Nikamwuliza Kampire anasema nini. Akasema, "Anamweleza mama yake kuwa amekula." Mgeni aje, mwenyeji apone: nilikuwa nikiusema msemo huo bila kujua maana yake.

Mwaka wa pili nilimwomba msamaha. Nikamwambia, "Kampire, lile jani." Akaendelea kukanda unga, kisha akasema, "Sijasahau, mama, siwezi kukudanganya. Lakini usipokuja Alhamisi huwa sina raha." Basi. Mwenye kovu usidhani kapoa, wala usidhani hawezi kukupenda.

Kiwanja simpi kama malipo. Jambo lile halina malipo. Nampa kwa sababu mkono kama ule haufai kuhamishwahamishwa. Ukoo utasema nimempa mtu wa kuja. Waambieni hata babu yenu alikuja, akapokewa. Dastan, wewe mwenyewe uende naye ofisi ya kijiji, wewe mwenyewe upande miti ya mpaka, na huyo mtu wa mafuta umwambie mama alikuwa bado ana akili zake.

Maji... kidogo tu. Inatosha.

Nizikeni ubavuni kwa baba yenu, msiniwekee marumaru. Ile kahawa iliyoanikwa muianue kabla ya mvua, msiba usiwasahaulishe. Dastan, hujanijibu. Naona umeitikia kwa kichwa, lakini karatasi ya Mzee Fidele haiandiki kichwa. Sema, baba, nikusikie.

...Haya. Andika, Fidele. Amekubali.

Inameni basi, huu mkono hauinuki tena, uwekeni wenyewe juu ya vichwa vyenu. Mungu wa baba yenu awalinde mkilala na mkiamka. Mzae, mlee, mvune... msigombane kwa vitu. Aliyekosa aombe, aliyeombwa... asikawie. Nimewabariki wote wawili... sawasawa. Msiuondoe mkono. Uacheni hapo hapo.