Nasiba Katungu, Binti wa Mama Wawili

Marehemu Nasiba alizaliwa Butembo tarehe 14 Juni 1976. Tarehe hiyo aliijua akiwa na miaka arobaini na saba. Kabla ya hapo alihesabu umri wake kuanzia tarehe 10 Januari 1977, siku moto wa volkano ya Nyiragongo ulipofika Kibati, karibu na Goma. Wazazi wake walikuwa wamekuja huko kuuza maharage, na katika mbio zile msichana aliyembeba mgongoni alipotea asionekane tena. Papa Rachidi, dereva wa lori, alimkuta mtoto peke yake kando ya njia akampeleka kwa mkewe, naye akamnyonyesha pamoja na binti yake Fatuma.

Alisoma shule ya msingi mtaani Birere, Goma, hadi primaire ya tano. Kisha akauza vitenge sokoni Virunga, na mteja aliyetaka kumpunja alijuta. Mwaka 1998 aliolewa na Aruna, wakapata Ismael na Saumu. Aruna alitangulia mwaka 2012.

Mke wa Papa Rachidi alitangulia; Papa Rachidi naye alipokufa, wadogo zake wawili walimwondoa Nasiba nyumbani. Walisema mtoto wa kuokotwa hana fungu. Leo wamekaa viti vya mbele, karibuni sana.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Alimwambia Fatuma, "Dada, sitaki kuingia kaburini bila kumujua mama aliyenizaa." Ismael alimpata Aurélie, mama Mukongomani wa Liège, Ubelgiji, anayesaidia watu bure kutafuta damu yao kwa kipimo cha ADN, yaani DNA. Aurélie alituma kichupa cha kutemea mate. Nasiba akalalamika kwenye simu, "Mate yangu yote nimemalizia kwa wateja!" Aurélie alicheka, akamwambia angoje, asile kitu kwanza.

Kipimo kilionyesha binamu anayeishi Brussels. Aurélie alipiga simu huku na huku hadi akampata Luc, kaka yake Nasiba, Butembo. Baba zake wadogo, wale wadogo wa Papa Rachidi, waliposikia walifurahi: "Mashini imesema, si wetu!" Nasiba akajibu, "Papa aliniokota mbele ya macho yenu. Mulihitaji mashini?"

Novemba 2023 Luc alimleta mama yao, Victoire, kwa ndege. Kwa Wanande, kabila la Victoire, jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Mama alimshika uso, akasema, "Wewe ni Katungu. Aliyekufuata tulimupa jina la zamu yake. Yako hatukumupa mutu." Kisha akamgeukia Fatuma: "Mulimunyonyesha vizuri. Angalia mashavu!" Walicheka wote, na siku ile Nasiba alikula sahani mbili.

Alifariki hospitalini Goma tarehe 3 Septemba 2025, ametulia, mkono wake ukiwa katika mkono wa Fatuma.

Ameacha mama yake Victoire, ambaye njia zilizofungwa na vita zimemzuia kufika. Kaka yake Luc. Dada yake waliyenyonya naye ziwa moja, Fatuma. Watoto wake Ismael na Saumu, na wajukuu wanne. Ameacha pia baba wadogo wawili, ambao hakuna kipimo kitakachowatoa katika ukoo wake.

Alale kwa amani, kati ya watu wake.