Chifu Macaraeg na Waya Namba Mbili

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika jeshi la majini, Chifu Crisanto Macaraeg anavua sare rasmi tarehe 30 Septemba. Wengi wetu mabaharia wenzake tulidhani angezikwa nayo.

Baba yake alikuwa mpishi kutoka Olongapo, Ufilipino, aliyehamia Virginia, Marekani. Crisanto alijiunga na jeshi akiwa na miaka kumi na tisa, akapangiwa kufua nguo kwenye tumbo la manowari ya kubebea ndege. Mwaka wa pili aliomba kazi juu, kwenye sitaha ya kurukia ndege. Akavalishwa fulana ya kijani ya kikosi cha nyaya, zile nne zinazonaswa na ndoano ya mkiani ndege inapotua, ili isimame. Hakushuka tena kwa hiari yake.

Pale juu injini huziba masikio, watu huongea kwa mikono. Mazoea hayo aliyabeba hadi nyumbani Norfolk. Siku moja mkewe, Luzviminda, alikuwa akiegesha gari, Chifu amesimama mbele akipunga mikono kulia na kushoto. Luzviminda akateremsha kioo: "Santo, mimi si ndege! Niondokee hapo!"

Alipanga zamu, alifunza mamia, alipika pansit, tambi za kwao, kila mabaharia walipokumbuka kwao. Katika miaka yote hiyo kikosi chake hakikupoteza hata kidole. Ndiyo maana yaliyotokea Machi, miaka mitatu iliyopita, ndani ya manowari yetu, Cape Harlan, bado yanatuduwaza.

Ilikuwa saa tisa alasiri, bahari imechafuka. Ndege ikatua, ndoano ikanasa waya namba mbili, na waya ukakatika. Rubani alikuwa bado amefungulia injini kwa nguvu zote, akanyanyuka ukingoni kabisa. Sisi tuliokuwa pembeni tuliona tumbo la ndege likikwaruza povu. Ncha ya waya ikarudi ikifyeka sitaha. Njiani mwake alisimama Sajini Tamsin Overby wa kikosi chake Chifu, mama wa watoto wawili, ameupa mgongo. Chifu alimrukia, akamlaza chini. Waya ulimpiga yeye, mguu ukavunjika sehemu mbili.

Kesho yake nahodha alishuka zahanati, nasi nyuma yake. "Chifu," alisema, "umeokoa mtu. Nishani hii haina mjadala."

Chifu akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Bwana Nahodha, andika kwanza hili. Asubuhi niliukagua waya ule, nikaona uzi wake mmoja umekatika. Kubadilisha kungechelewesha ndege, nikasema tutaubadilisha jioni. Nikanyamaza."

Hakuna aliyejua, na hakuna ambaye angejua kamwe. Kipande kilichokatika kilikuwa kimezama baharini.

Overby, mkono ukiwa kwenye bandeji, alisogea kitandani. "Yaani ulijua? Ulijua, ukanisimamisha pale?"

"Nilijua, Sajini."

Overby akatoka. Hakusema naye kwa wiki saba.

Nishani haikuja. Chifu aliteremshwa cheo, ingawa kwetu alibaki Chifu, akaondolewa kwenye sitaha, akapelekwa shule ya mafunzo nchi kavu. Wapo waliomwita mjinga waziwazi. Lakini kila darasa jipya alilianza kwa kuandika ubaoni jina lake na tarehe ile, kisha akaeleza alichokiona asubuhi na alichokifanya. Vijana walitoka pale wakiwa wameloa jasho. Tangu hapo, kwenye manowari yetu, uzi mmoja ukikatika waya hubadilishwa papo hapo, na hakuna nahodha anayeuliza kwa nini.

Anayesimamia nyaya hizo sasa ni Overby. Ndiye aliyekwenda mwenyewe kumgongea mlango shuleni, na alipoulizwa walisema nini, alijibu tu: "Nilimtukana, tukala."

Chifu, wengi wetu tungenyamaza. Tunalijua hilo kila mmoja kwa siri yake, na bado linatushtua. Ahsante kwa miguu tunayosimama nayo na kwa waliorudi kwao wakiwa wazima. Nenda ukalale mpaka jua likuchome usoni, Mama Luzviminda akuchoke kabla ya wiki kwisha, na maisha yaliyobaki yawe marefu na matamu kwenu wawili.