Kreti Nusu ya Cherono

Lori limeshatoka Kabazi, wasikilizaji wapendwa. Ninapozungumza nanyi liko barabarani, linaelekea uwanja wa ndege Nairobi. Limebeba mishiri, yale maharagwe mabichi membamba ambayo wengi wetu tunayalima na wachache tunayala. Limeondoka saa nne asubuhi, leo, siku ya mazishi. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo. "Mishiri haingoji mtu," alisema. "Nizikeni, lakini lori liende."

Huyo marehemu ni Cherono, mama wa Kabazi. Alifariki wiki iliyopita kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka hamsini na minane. Kreti yake imo ndani ya lori hilo, kreti namba tatu. Imejaa nusu tu. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Cherono hakusomea kilimo. Kwa miaka kumi na mmoja alisimama kwenye meza ya kuchagulia mboga kule upande wa Naivasha, akitoa iliyopinda, iliyokomaa, yenye doa. Binti yake, Kimberly, ameniambia hivi: "Mum alikuwa akirudi nyumbani anasema, leo nimetupa jasho la watu, na hakuna aliyewaambia ni kwa nini."

Basi akaacha kazi. Akarudi Kabazi, akaanza kuwaambia.

Vuna asubuhi. Usioshe, ikilowa inaoza. Iweke kwenye banda la kuta za makaa, yamwagie makaa maji, mboga ipoe. Ukipiga dawa ya wadudu, andika kwenye daftari, ungoje siku saba ndipo uvune. Na kila mkulima ana namba yake, inabandikwa kwenye kreti, ili mnunuzi wa ng'ambo ajue mboga hii imetoka shamba la nani. Wakulima arobaini na watatu katika kikundi, namba arobaini na tatu.

Jamaa mmoja, Mburu, akamuuliza, "Sasa mathe, huyo mzungu anataka namba yangu ili aje anisalimie?"

"Akusalimie na mdomo huo? Bandika namba."

Miaka mitatu iliyopita ukaja ujumbe mbaya kutoka kwa mnunuzi. Dawa imepatikana kwenye kreti namba kumi na saba. Kikundi kizima kimesimamishwa. Mna siku saba za kueleza, la sivyo wote arobaini na watatu mnatolewa kwenye orodha. Siku saba, wasikilizaji. Na mishiri iko shambani inakomaa.

Namba kumi na saba ni ya Wariara, ambaye alikuwa ametoka tu kumzika mume wake. Daftari lake lilionyesha hajapiga dawa mwezi mzima. Watu hawakuliamini. Minong'ono ikaanza: mjane anadanganya, mjane atatumaliza.

Siku ya tano Cherono akawaita wote kwenye shedi ya kukusanyia mboga. Akauliza, "Nani alipiga dawa?" Kila mtu anaangalia gumboots zake.

Wariara akasimama. "Mimi siku hiyo hata sikuvuna. Nilikuwa na watu wa matanga nyumbani."

Cherono akabadilisha swali. "Basi nani alimsaidia Wariara?"

Mikono ikainuka kama ya watoto wa darasa la kwanza! Huyu alichuma, huyu alibeba. Mnajua kwetu huku: mtu aliyefiwa hapeleki mzigo nusu. Jirani anamjazia. Mburu akapaza sauti kuwashinda wote: "Kreti ilikuwa nusu! Mimi nikamwongezea ya kwangu, kilo nne!"

"Asante, Mburu. Na wewe ulikuwa umepiga dawa lini?"

"Jumatatu."

"Na hizo kilo nne ulizichuma lini?"

"Alhamisi..." Mkono ukashuka polepole.

Cherono akakaa juu ya kreti tupu, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mburu, wewe ni mtu mzuri kabisa. Karibu utumalize na huo uzuri."

Wengine walitaka iandikwe kwamba upepo ndio ulileta dawa. Cherono akakataa. "Tukidanganya mara moja, namba zote zinakuwa uongo." Akaandika vile ilivyokuwa, na Mburu akatia sahihi. Mkaguzi akaja, akapitia madaftari yote, na siku ya saba lori likaruhusiwa. Kimberly anakumbuka kwamba Wariara aliposikia alikaa chini pale pale kwenye nyasi, akavua viatu, akanyoosha miguu.

Tangu siku hiyo kuna sheria Kabazi: aliyefiwa asaidiwe kwa mikono, asisaidiwe kwa kilo. Kreti yake iende ilivyo.

Leo asubuhi Mburu mwenyewe ndiye aliyechuma shamba la Cherono. Kreti ikafika nusu, mishiri ikaisha. Kina mama wakatazamana, mmoja akanyoosha mkono na gao lake la mishiri. "Wacha!" Mburu akasema. "Mwenyewe angenichapa." Wakafunga hivyo hivyo.

Kwa mzee Kiptanui, mume wake, kwa Kimberly, na kwa wakulima wote wa Kabazi: poleni sana. Sisi wa hapa studio tunalia pamoja nanyi. Na wewe uliye karibu na redio, fikiria leo: huo wema unaompelekea jirani, unajua umepita wapi kabla ya kumfikia?

Nimeletewa habari sasa hivi. Nawasomea.

Cherono amezikwa saa saba, juu kidogo ya shamba lake. Kiptanui amebaki na shamba. Kimberly anarudi kazini Olkaria Jumatatu. Wariara bado analima, na siku hizi ndiye anayebandika namba. Mburu hapigi dawa bila daftari mfukoni. Lori limefika uwanjani. Kreti namba tatu imepimwa. Ni nusu. Imepita.